Meli Iliyozamishwa na Sinema

Katika dakika za mwisho za filamu The African Queen, meli ya kivita ya Wajerumani inapasuka katikati ya ziwa. Bwana na bibi waliokuwa wamekwisha kuvikwa kitanzi juu ya sitaha yake wanajikuta majini, hai, wakiogelea kuelekea nchi kavu kwa furaha ya watu waliofunga ndoa dakika chache zilizopita. Kibao chenye jina la mashua yao kinaelea kando yao, kuonyesha ni nani aliyefanya kazi hiyo. Watazamaji wa London na Los Angeles walipiga makofi, na mwaka 1952 Humphrey Bogart, aliyeigiza huyo bwana, alipewa Oskari, ya pekee aliyopata maishani.

Meli ya kwenye filamu inaitwa Königin Luise. Ile ya kweli inayotajwa daima kuwa mfano wake iliitwa Graf von Götzen, na watu wa Ziwa Tanganyika wanaijua vizuri kwa jina lake la pili: Liemba. Wako akina mama walioshuka nayo Kasanga wakiwa na magunia ya ndagala, na wako wazee waliokimbia vita ndani yake. Hakuna bwana wala bibi aliyeizamisha. Hata jeshi la majini la Mwingereza, lililovusha mashua mbili porini na milimani ili kuja kupambana na Wajerumani ziwani, lilipoiona kwa macho liligeuza uso. Habari ya kweli ilitendeka hapa Kalemie, kati ya mwaka 1914 na 1916, na ndani yake mna watu wengi sana ambao sinema haikuwa na nafasi nao.

Tuanze na ziwa lenyewe. Lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470. Mwaka 1914 madola matatu yalikuwa yakitazamana juu ya maji yake: Wajerumani upande wa mashariki, Wabelgiji upande wa magharibi, na Waingereza wa Rhodesia ya Kaskazini kwenye ncha ya kusini. Barabara ya maana haikuwapo kandokando. Aliyetaka kupeleka askari, chakula au barua alipita majini, kwa hiyo mwenye meli ndiye aliyekuwa mwenye ziwa. Wajerumani walikuwa na reli iliyotoka Dar es Salaam na kufika Kigoma mwaka huohuo wa 1914. Kwa reli hiyo wangeweza kuleta chochote.

Upande wetu, mlango wa Lukuga ulikuwa kituo kidogo. Kapteni Jacques alijenga ngome karibu na hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati wa vita dhidi ya Rumaliza wa Ujiji na wenzake wa biashara ya watumwa, akaiita Albertville kwa heshima ya mwana wa kifalme wa Ubelgiji. Lakini mahali penyewe watu waliendelea kupaita Lukuga, kwa mto unaotoka ziwani na kuteremka magharibi hadi kuungana na Lualaba. Wabelgiji walikuwa na meli moja ya mvuke ya kutajika, Alexandre Delcommune.

Meli hiyo ndiyo iliyovuta vita hadi mlangoni petu. Tarehe 22 Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilifika Lukuga na kuishambulia kwa mizinga. Ubelgiji ilikuwa imetumaini kwamba makoloni yangebaki nje ya ugomvi wa Ulaya. Tumaini hilo lilikwisha siku hiyo. Baadaye Wajerumani walirudi kuhakikisha kwamba Delcommune haielei tena. Mwezi wa Novemba waliteremka kusini wakaiharibu pia Cecil Rhodes, meli ya Waingereza. Hapo ziwa lote likawa lao: Hedwig, mwenzake mdogo aliyeitwa Kingani, na mitumbwi na majahazi ya kutosha kuteremsha askari popote walipotaka usiku wowote.

Na kubwa kuliko zote ilikuwa bado inakuja. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika makasha 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa reli. Mafundi watatu wa kiwanda hicho walifuatana na makasha hayo ili kuiunganisha upya. Iliteremshwa majini Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa kama mita 70, ikaweza kubeba askari 900 kwa safari moja. Baadaye ikafungiwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Kwa ziwa ambalo wakaaji wake walizoea mtumbwi wa gogo, ilikuwa kama mlima umeletwa juu ya maji.

Wazo la kuwatoa Wajerumani ziwani halikutoka kwa jemadari. Lilitoka kwa mwindaji wa tembo, John Lee, Mwingereza aliyeijua nchi hii kwa miguu yake. Aprili 1915 alikwenda makao makuu ya jeshi la majini huko London na kumwambia Admirali Henry Jackson kwamba mashua ndogo zenye mbio, zikivushwa kwa siri kupitia Kongo, zingeweza kuzishinda Hedwig na Kingani. Jackson alikubali, kwa hoja kwamba penye maji ya kuelea meli hapo pana kazi ya jeshi lake, na alipokea gharama bila kulalamika.

Taabu ilikuwa kumpata kiongozi. Maofisa wazuri walikuwa wanapigana Ulaya, akabaki Geoffrey Spicer-Simson, mzaliwa wa Tasmania, mtu wa majigambo mengi na bahati chache. Mwaka uliotangulia, manowari Niger iliyokuwa chini ya amri yake ilizamishwa kwa torpedo karibu na pwani ya Uingereza huku yeye akiwa nchi kavu. Tangu hapo alikuwa amekalishwa ofisini. Alipokabidhiwa mashua mbili za mbao, zenye urefu wa mita 12, alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Akaleta majina mengine, Mimi na Toutou, nao wakayapitisha. Ni majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaita paka na mbwa wao. Mtu huyu wanahistoria wa Kiingereza wamemcheka vya kutosha, nami sina haja ya kuwasaidia.

Mashua, watu wasiozidi thelathini na shehena yao viliondoka Uingereza Juni 1915. Kutoka Cape Town zilipakiwa kwenye treni hadi Katanga, na mwanzoni mwa Agosti zikafika Fungurume, mahali reli ilipoishia. Kutoka hapo hadi Sankisia, reli nyingine inapoanza, kulikuwa na pori la kilomita 235 hivi, na katikati yake safu ya milima ya Mitumba.

Hapa ndipo penye habari yenyewe, na hapa ndipo vitabu vingi vinapoharakisha. Msomaji huambiwa kwamba Spicer-Simson alivusha mashua milimani, kama kwamba alizibeba kichwani. Mbele ya matrekta mawili ya mvuke yaliyoletwa kuzivuta, njia haikuwapo. Mamia ya watu wa vijiji vya Katanga walitolewa kuifungua kwa shoka na jembe. Walikata miti, wakang'oa visiki, wakalipua mawe, wakajenga madaraja yanayokadiriwa kuwa 150, mengine ya magogo yaliyojazwa tu mabondeni ili uzito upite. Trekta lilipozama kwenye udongo au daraja lilipovunjika chini yake, watu walilitoa kwa kamba na mabega. Kila mlima ulikuwa na kazi mbili, kupanda na kuteremka, na ya pili ilikuwa ya hatari kuliko ya kwanza, kwa sababu mashua yenye tani nne na zaidi ikianza kujiendea yenyewe haisimami. Ng'ombe wa kukokota waliongezwa, kamba zikazungushwa kwenye miti mikubwa, na mashua zikapanda hatua kwa hatua.

Juu ya uwanda wa Mitumba, kiangazi kilikuwa kimekausha vijito. Trekta la mvuke bila maji ni chuma kitupu. Wakaitwa wanawake wa vijiji vya mbali, wakapanga mstari wenye mitungi na vibuyu, wakaleta maji ya kunywesha mitambo huku wazungu wenyewe wakipimiwa ya kunywa. Frank Magee, mmoja wa mabaharia, aliandika habari za safari hiyo katika National Geographic mwaka 1922, na wanawake hao wamo katika masimulizi yake. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Nimesoma maelezo ya vita hii yanayotaja kabila la mbuzi aliyekuwa kipenzi cha meli, lakini si kijiji cha mwanamke mmoja aliyeleta maji.

Waliondoka Fungurume katikati ya Agosti, wakafika Sankisia mwisho wa Septemba. Kisha treni fupi hadi Bukama. Kisha Lualaba, ambayo kwa msimu huo ilikuwa na maji haba, mashua zikifungiwa mapipa ili zielee juu ya mchanga, wapiga makasia wakizisukuma kila ziliponasa. Kisha Kabalo, na kutoka hapo treni ya kampuni ya CFL, ambayo reli yake ilikuwa ndiyo kwanza inafika ziwani mwaka huohuo. Mwisho wa Oktoba 1915 Mimi na Toutou zilikuwa Lukuga, zikiwa zimefichwa chini ya majani.

Wajerumani hawakujua. Walijua kwamba Wabelgiji wanajenga kitu, wakawa wanatuma Kingani na watu wao kuchungulia. Kilichokuwa kinajengwa ni bandari. Mlango wa Lukuga haukufaa, mchanga na mawimbi viliufanya usitulie. Wakachagua ghuba ya kijito cha Kalemie, kusini kidogo. Mawe yalilipuliwa mlimani, yakabebwa, yakatupwa majini siku baada ya siku mpaka yakawa ukuta wa kuzuia mawimbi. Mji wetu umechukua jina la kijito hicho, na bandari yetu ilianzia kwa mawe hayo.

Wakati huohuo Spicer-Simson alikuwa anawapa watu mambo ya kutazama. Alivaa sketi ya kaki ya mtindo aliobuni mwenyewe. Mwili wake ulikuwa umechorwa chale za wino, nyoka na vipepeo, na alikuwa akioga hadharani huku mtumishi amemsimamia na taulo. Waholoholo wa ufukweni walimpa jina la Bwana Chifunga-tumbo. Wenzake Waingereza waliandika baadaye kwamba wenyeji walimfinyangia sanamu za udongo na kuziabudu. Hadithi hiyo imetoka kwa wageni peke yao, na mimi huipokea kwa tahadhari: watu wanaomtania mtu kwa nguo yake hawafanyi hivyo kwa sababu wamemchukua kuwa mungu.

Mimi iliingia majini tarehe 22 Desemba, Toutou siku iliyofuata. Kila moja ilikuwa na mzinga mdogo wa risasi za ratili tatu kwa mbele na bunduki ya Maxim. Tarehe 26, siku ya Jumapili, Spicer-Simson akiwa anaongoza sala na watu wake, habari ilikuja kwamba Kingani inapita kutoka kaskazini. Aliimaliza sala kwanza. Kisha mashua zikatoka nyuma ya meli hiyo ndogo, zikaijia kwa mgongo, kwa sababu mzinga wa Kingani ulielekea mbele tu na haukuweza kugeuka. Watu walikuwa wamejaa vilimani juu ya bandari wakitazama kama mchezo. Mapigano yalichukua dakika 11. Kamanda wa Kingani, Luteni Junge, aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake, waliobaki wakasalimu amri. Meli ilivutwa hadi ufukweni, ikazibwa matundu, ikapewa jina la Fifi na bendera ya Kiingereza.

Hedwig von Wissmann ilikuja kumtafuta mwenzake tarehe 9 Februari 1916. Safari hii haikuwa ya dakika 11. Fifi na Mimi ziliifukuza kwa saa nyingi chini ya jua, katika mazigazi ya ziwa ambayo huyafanya macho yaone vitu mahali visipokuwapo. Fifi ilikuwa imebakiwa na risasi tatu za mzinga mkubwa ilipoipata. Hedwig ilizama, na bendera yake ikachukuliwa.

Siku iliyofuata, Graf von Götzen yenyewe ilitokea kwenye upeo wa macho, ikisafiri polepole, ikiwatafuta waliopotea. Ndiyo meli ya sinema. Mabaharia wakangoja amri. Spicer-Simson aliitazama kwa darubini, akasema hapana. Hakuipiga siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Muda si mrefu akaondoka Kalemie kwenda mbali, kwenye mito ya Kongo, kutafuta mashua kubwa zaidi, na Wabelgiji wakabaki na hasira zao. Aliporudi, alipelekwa kusini kuzuia Wajerumani wasitoroke kwa maji kutoka Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Aliona mizinga ya ngome, akakaa mbali. Wajerumani wakapanda majahazi usiku wakaenda zao. Ngome ilipoingiwa, mizinga hiyo ilikuwa ya mbao. Na mzinga mkubwa wa Götzen nao kufikia wakati huo ulikuwa umeng'olewa ukapelekwa kwa jeshi la nchi kavu la Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, mahali pake pakawekwa gogo lililochongwa. Bwana Chifunga-tumbo alikuwa ametishwa na miti. Akaumwa, akarudishwa Uingereza, ambako alipewa nishani.

Kazi ya kuiondoa Götzen iliwabakia Wabelgiji na watu wa Kongo. Waingereza walikuwa wamewaazima ndege nne za majini aina ya Short. Ziwa kubwa lina mawimbi yasiyofaa ndege ya mbao na turubai, kwa hiyo kituo chao kikawekwa kwenye kiziwa cha Tongwe. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe aliruka kuvuka ziwa na kuangusha mabomu Kigoma. Walidai wameigonga Götzen, ushahidi wake ni haba. Behaeghe hakuona mwisho wa vita: alifariki Desemba mwaka huo huko Niemba, kwenye njia ya reli ya Kabalo, kwa ugonjwa.

Kilichoishinda Götzen hasa ni miguu. Vikosi vya Force Publique, askari wa Kongo chini ya maofisa Wabelgiji, vilikuwa vinateremka kutoka Rwanda na Urundi kuelekea reli ya Tabora. Reli ikikatwa, meli ya Kigoma inabaki bila makaa, bila askari, bila kazi. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wao wenyewe karibu na Kigoma, baada ya mafundi kupaka mitambo yake mafuta mazito ya kuzuia kutu, wakiamini watarudi kuichukua. Siku mbili baadaye Kigoma ikawa mikononi mwa Wabelgiji. Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba.

Nyuma ya askari hao walikuwapo wapagazi. Inakadiriwa kwamba Wabelgiji walitumia wapagazi 260,000 katika kampeni hiyo ya Afrika Mashariki. Idadi hii ingefaa isomwe mara mbili. Barabara hazikuwapo, ng'ombe na punda waliuawa na mbung'o, kila risasi na kila mkate wa unga ulisafiri juu ya kichwa cha mtu aliyetolewa kijijini kwake na chifu aliyetishwa na mkuu wa wilaya. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu katika baridi ya milima ya Rwanda, kwa kula chakula wasichokizoea, na kwa njaa katika njia ambayo wao wenyewe walibeba chakula. Uvamizi wa Mimi na Toutou ulichukua watu wachache kati ya hao. Lakini ndio uliopata vitabu.

Kitabu kilichotangulia filamu kilikuwa riwaya ya C. S. Forester, iliyotoka mwaka 1935. Forester aliliita ziwa Wittelsbach na meli Königin Luise, akawaweka mbele mwanamke wa misheni, Rose Sayer, na fundi wa mashua, Charlie Allnutt. Ila anayeijua Lukuga anapofika mwishoni anatabasamu. Katika riwaya, mpango wa Rose na Charlie wa kuipasua meli kwa mitungi iliyojazwa baruti unashindwa: dhoruba inaizamisha mashua yao kabla haijaifikia. Ndipo zinatokea mashua mbili za mwendo kasi za Waingereza, zilizoletwa kwa siri kutoka mbali, na kuimaliza Königin Luise. Mimi na Toutou zimo humo, bila majina yao, na zimepewa ushindi juu ya meli ambayo kwa kweli zilikataa kuikabili.

John Huston alipoigeuza riwaya kuwa filamu mwaka 1951, kwa fedha za kampuni ya Kiingereza Romulus na mtayarishaji Sam Spiegel, hata mashua hizo mbili ziliondolewa. Ushindi ukapewa mapenzi. Nadhani kwa sinema alifanya vizuri: mtazamaji amekaa saa moja na nusu na watu wawili katika mashua, hatavumilia wageni waje mwishoni kumalizia kazi yao. Kwa historia, ilikuwa hatua ya pili ya kupunguza watu. Vita vilikuwa vya laki nyingi. Riwaya ikavifanya vya wanamaji wachache na wapenzi wawili, filamu ikabakiza wapenzi.

Huston alitaka Afrika yenyewe, si mapazia ya studio. Hakupiga picha Kalemie. Alichagua Biondo, kwenye mto Ruiki, kijito chenye maji meusi upande wa Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Ukitazama ramani utaona kwamba hakuwa mbali nasi kama anavyodhaniwa: maji yanayotoka ziwani kwa Lukuga huingia Lualaba na kupita Ubundu yakielekea Kisangani. Wafanyakazi wa Kikongo walijenga kambi nzima kwa mianzi na makuti. Maboya yakaunganishwa kuwa msafara, mashua ikitangulia, nyuma yake jukwaa lenye taa na kamera za Jack Cardiff, nyuma tena jenereta, na mwisho kijumba cha kubadilishia nguo cha Katharine Hepburn, mpaka kilipoachwa kwa kuwa kilinasa kwenye matawi. Siafu waliivamia kambi. Usiku mmoja mashua ilizama, na waliokuwa wakiivuta kwa kamba kuitoa matopeni walikuwa, tena, watu wa kando ya mto. Hepburn aliugua kuhara vibaya. Bogart na Huston hawakuugua, na Bogart alijisifu kwamba ni kwa sababu ya wiski. Hepburn alieleza hayo yote kwa ucheshi katika kitabu chake cha mwaka 1987.

Kutoka Kongo walikwenda Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison, na sehemu zenye ruba na maji machafu zikapigwa Uingereza ili waigizaji wasife. Meli iliyoigiza Königin Luise ilikuwa tagi ya Ziwa Victoria, Buganda. Kwa hiyo ziwa letu halionekani katika filamu hiyo hata kwa picha moja.

Na Waafrika? Wanaonekana mwanzoni, kanisani, wakiimba tenzi kwa kelele zisizoeleweka ili mtazamaji acheke. Kisha askari wanachoma kijiji na kuwachukua watu. Kisha askari wengine wanaonekana wakipiga bunduki kutoka ngome ya Shona. Baada ya hapo mto wote, ambao katika maisha ya kweli una kijiji kila baada ya kona mbili tatu, ni mtupu. Kuna jambo jingine la kuongeza. Katika Kongo ya Mbelgiji ya wakati huo, Mwafrika hakuruhusiwa kuona filamu ila iliyopitishwa na tume ya ukaguzi kuwa inamfaa. Sheria ya 1945 iliweka hivyo. Aliyeivuta African Queen kutoka matopeni pale Biondo hakuwa na haki ya kuingia sinema ya wazungu wa Albertville kuiona ikielea.

Yote haya hayanifanyi niichukie filamu. Cardiff aliupiga mto kwa namna ambayo watu wengi wa Maniema na Tshopo wangeitambua harufu yake, na Hepburn na Bogart ni wazuri mno kuwakataa. Ninachokataa ni kuifanya ndiyo kumbukumbu ya vita vyetu. Mwongozo wa watalii ukiitaja Kalemie, husema hapa ndipo ilipotokea habari ya African Queen. Ni kinyume: habari ya hapa ilitokea, ndipo wakaifanya African Queen.

Meli yenyewe imekuwa na maisha marefu kuliko walioandika juu yake. Wabelgiji waliiinua mwaka 1918, ikazama tena katika dhoruba. Waingereza, waliopewa Tanganyika baada ya vita, waliiinua mara ya pili mwaka 1924 na kukuta mafuta ya mafundi wa Papenburg yameilinda mitambo. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba. Spicer-Simson alifariki Kanada mwaka 1947, Bogart mwaka 1957, na Liemba ikiendelea kupakia mihogo, baiskeli na wasafiri. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliikodi kuwarudisha Wakongo waliokimbilia Tanzania: safari 22 kwa miezi mitano, watu zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 iliwachukua Warundi waliokwama Kagunga, mpaka 600 kwa safari moja. Katika familia za Uvira, Fizi na Kalemie wapo wengi waliorudi nyumbani kwa meli ambayo Hollywood ilikuwa imeipasua.

Kitabu cha Kiswahili juu ya vita vya Lukuga kingefaa kuandikwa hapa hapa, na walimu wa historia wa mji huu wangeweza kukianza kwa kuwatuma wanafunzi wao nyumbani na swali moja: katika ukoo wenu, nani alitolewa kubeba mizigo ya Tabora, kukata njia ya Mitumba, au kutupa mawe ya bandari? Waliokwenda wenyewe wamekufa zamani, lakini wajukuu wao wapo Lubuye, Kataki na Kabalo. Mwenye jina alilosikia kwa babu yake aliandike pamoja na kijiji chake, alipeleke shuleni au parokiani, lihifadhiwe.